Nani Anaushika Mkondo? Uchambuzi wa Bodi ya Stepa ya Kujitengenezea

Chukua mota ya hatua (stepa) ya kawaida, ile yenye uso wa milimita 42 inayotumika kwenye printa nyingi za 3D. Kibandiko chake kinasema ampea 1.7 kwa kila koili, na mita inaonyesha ukinzani wa omu 1.5. Iunganishe moja kwa moja na betri ya volti 12, halafu piga hesabu ya kidato cha pili: ampea 8. Baada ya muda mfupi vanishi ya koili itaanza kunuka. Lakini wanaoijua kazi huiendesha mota hiyohiyo kwa volti 24, na wengine zaidi ya hapo, miezi na miezi bila moshi. Tofauti ya hali hizo mbili ni bodi moja ndogo. Fundi anayetaka kuibuni bodi hiyo na kuitengeneza kwa mikono yake aelekeze akili wapi?

Wengi huielekeza kwenye hatua. Wanachora jedwali la koili ipi iwake lini, wanaandika programu, taa nne za rangi zinawaka kwa zamu mezani, na wanaona kazi imekwisha. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na kidhibiti chochote cha bei ndogo kinaiweza. Bodi za kujitengenezea hufia kwingine: kwenye mkondo, anayeukata, njia unayorudia, na joto unaloliacha nyuma. Ukilielewa hilo mapema, maamuzi mengi ya usanifu yanajipanga yenyewe.

Tuanze na mota. Rota ya stepa ya aina hii ina sumaku ya kudumu iliyobanwa kati ya vikombe viwili vya chuma. Kila kikombe kina meno 50, na kimoja kimesogezwa nusu jino ukilinganisha na mwenzake. Kila jino hupitia hali nne za umeme kabla jino linalofuata halijachukua nafasi yake, ndiyo maana mzunguko mmoja una hatua 200, nyuzi 1.8 kila moja. Usahihi huo umekatwa kwenye chuma kiwandani. Bodi haiongezi wala haipunguzi. Bodi inaamua nguvu na kasi tu, na vyote viwili ni mambo ya mkondo.

Idadi ya nyaya inakuambia mengi. Nyaya nne ni koili mbili zinazotaka umeme ugeuzwe pande zote mbili. Nyaya tano au sita maana yake koili zina waya unaotoka katikati, kwa hiyo mota inaweza kuendeshwa na transista nne tu zinazovuta kwenda chini. Nyaya nane ni nusu-koili nne ambazo mwenyewe unachagua namna ya kuziunga. Stepa ya nyaya sita inakubali kuendeshwa kama ya nyaya nne ukiziacha nyaya za katikati zining'inie, lakini kuna gharama: koili nzima ina ukinzani mara mbili ya nusu yake na indaktansi mara nne, kwa hiyo mota inapata nguvu taratibu na kuchoka mapema kasi ikipanda. Kuzipata jozi hakuhitaji hata mita. Gusanisha nyaya mbili, zungusha shafti kwa vidole. Ikigoma, umeishika koili moja.

Hapa Afrika Mashariki mota nyingi za wanaoanza hutoka kwenye mashine chakavu: printa, mashine za fotokopi, skana. Printa nyingi mpya za wino zinawavunja moyo wachimbaji, kwa kuwa kichwa chake husukumwa na mota ya kawaida ya DC inayosoma mahali ilipo kwenye utepe wa plastiki wenye mistari. Printa za zamani za kugonga utepe na mashine za fotokopi ndizo zenye stepa nzuri. Si jambo la kudharau. Mwaka 2013, kule Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou wa WoeLab alionyesha printa ya 3D, W.Afate, ambayo sehemu yake kubwa ilitokana na printa na skana zilizotupwa. Nairobi nako kampuni ya AB3D imejijengea jina kwa kutengeneza printa za 3D nchini, ikitumia pia vifaa vilivyokuwa taka.

Mota ya jalalani ina tatizo ambalo mchoro wa saketi lazima ulikubali tangu mwanzo: haina karatasi ya kiwanda. Hujui inataka ampea ngapi. Kwa hiyo bodi inayofaa mazingira yetu sharti iwe na kikomo cha mkondo kinachorekebishwa, ianzie chini sana, na mwenye mota apandishe polepole huku akifuatilia joto. Kuna kipimo kizuri kisichohitaji kipimajoto. Ukinzani wa shaba hupanda takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi ya joto. Pima koili ikiwa baridi, iache ishike mkondo saa nzima, zima, pima tena papo hapo. Ukinzani ukiwa umepanda asilimia 20, ndani kumepanda nyuzi 50 hivi. Mota nyingi zimejengwa kustahimili zaidi ya hapo, kwa hiyo mota isiyoshikika kwa mkono haijafa, na mara nyingi haiumwi hata kidogo.

Sasa tuje kwenye kuushika mkondo. Koili haiupokei mkondo papo kwa papo. Ni kama mkokoteni wenye shehena: unasukuma kwa nguvu zote, lakini magurudumu yanaanza taratibu. Kinachoamua kasi ya kupanda ni volti ukigawanya kwa indaktansi. Tuseme mota yetu ya omu 1.5 ina indaktansi ya milihenri 2.8. Ukiipa volti 2.55, zile zinazotoa ampea 1.7 kwa hesabu ya Ohm, itachukua zaidi ya milisekunde 5 kufika asilimia 95 ya mkondo huo. Ukiipa volti 24, inafika ampea 1.7 kwa takriban milisekunde 0.2. Shafti ikizunguka mara tano kwa sekunde, kila hatua inapewa milisekunde moja tu. Mota ya volti 2.55 haina nafasi kabisa ya kufanya kazi kwenye kasi hiyo. Mota inataka volti kubwa ili iamke haraka, lakini volti hizo zikiachiwa zitaiunguza.

Jibu la zamani lilikuwa rezista. Kwa mota ya omu 5 na ampea 1, weka rezista ya omu 15 mfululizo na kila koili, kisha lisha volti 20. Mkondo unabaki ampea 1, ila muda wa kupanda unapungua hadi robo. Saketi haina ujanja wowote na ni vigumu kuiharibu. Lakini kila rezista inageuza wati 15 kuwa joto bure, wakati koili yenyewe inatumia wati 5. Mhimili mmoja unakuwa na jiko la wati 30, na mashine ya kuchonga yenye mihimili mitatu inakaribia wati 90 za kupasha chumba. Kwa mtu anayejifunza kwa mota moja ndogo, hakuna bodi ya haki zaidi ya hii, kwa sababu kila kitu kinaonekana kwa macho. Kwa mashine ya kazi, hapana.

Jibu la pili, ambalo ndilo limeshika dunia, ni kukatakata. Bodi inafungua volti zote, mkondo unapanda kwa kasi, unapita kwenye rezista ndogo ya kupimia, na volti za rezista hiyo zikifikia kikomo ulichoweka, swichi inajifunga. Mkondo unashuka kidogo, swichi inafunguka tena, na mzunguko huo unajirudia maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde. Waliobuni wanajitahidi kuupeleka juu ya kilohezi 20 ili sikio lisisikie. Bodi inayolia kama mbu mara nyingi imeshuka chini ya hapo au imekosa utulivu kwenye kipimo chake.

Jozi iliyowafundisha wengi namna hii ni L297 na L298 za kampuni ya SGS, leo STMicroelectronics, zilizotawala vitabu vya elektroniki tangu miaka ya 1980. L297 inabeba akili: inapanga mfuatano wa koili na ina vilinganishi viwili vinavyosikiliza rezista za kupimia. L298 inabeba misuli: madaraja mawili ya H, yaani swichi zinazogeuza umeme pande zote mbili, ampea 2 kila moja, hadi volti 46. Chipu zote mbili zina miguu mirefu ambayo solda ya kawaida inaiweza, na mchoro wake unaeleweka ukikaa nao wikiendi moja. Mpaka leo ndio mchoro ambao ningempa mwanafunzi wa ufundi anayetaka kujua kinachoendelea ndani.

L298 ina madhaifu mawili ambayo michoro ya haraka haraka huyaruka. La kwanza ni joto. Transista zake ni za aina ya zamani, na karatasi ya kiwanda inakiri kwamba zinaweza kumeza hadi volti 4.9 kwenye ampea 2. Hiyo ni karibu wati 10 kwa kila daraja, wati 20 kwa chipu nzima, na bila bamba kubwa la alumini la kupozea hakuna mjadala. La pili ni dayodi. Swichi ikikata, mkondo wa koili haupotei. Lazima upate njia ya kuzunguka, na L298 haina dayodi ndani yake. Inataka nane za nje, na ziwe za haraka. Ile 1N4007 iliyojaa kwenye kila duka la spea ni ya kugeuza umeme wa nyumbani. Inachelewa kujifunga kwa muda ambao kwenye saketi inayokata maelfu ya mara kwa sekunde unaonekana wazi kama joto. UF4007, yenye umbo lilelile, inajifunga ndani ya nanosekunde 75. Bei zinatofautiana kidogo sana, na kwenye mchoro alama ni ileile, kwa hiyo kosa hili haligunduliki mpaka chipu ishike moto.

Hapa niseme neno kuhusu ile moduli nyekundu ya L298N inayouzwa kila mahali pamoja na Arduino. Kwa kawaida miguu yake ya kupimia mkondo imeunganishwa moja kwa moja na graundi. Maana yake haina kikomo cha mkondo cha aina yoyote. Kwa mota mbili za DC za kigari cha kuchezea inatosha. Ukiifunga na stepa ya omu 1.5 kwa volti 12, umerudi kwenye hesabu yetu ya mwanzo, safari hii moduli ikiungua pamoja na mota. Ni mojawapo ya vifaa vinavyowapa watu imani kwamba stepa ni kitu kigumu, wakati tatizo ni kununua swichi ukidhani umenunua kidhibiti.

Kilichobadilisha mambo ni mradi wa RepRap, ulioanzishwa na Adrian Bowyer kwenye Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, mwaka 2005. Printa za 3D za wazi zilihitaji vidhibiti vinne au vitano kwa kila mashine, na soko likajaa vibodi vidogo vya ukubwa wa stempu vilivyobeba chipu ya Allegro A4988: volti hadi 35, vijihatua hadi sehemu moja ya kumi na sita ya hatua, transista za MOSFET zinazopoteza joto dogo sana, dayodi na ulinzi wa joto vikiwa ndani. Ikafuata DRV8825 ya Texas Instruments yenye volti hadi 45 na kimoja cha thelathini na mbili, kisha familia ya Trinamic, kampuni ya Hamburg, ambayo TMC2208 na TMC2209 zake ziliwashangaza watu kwa ukimya. Vyote vinapokea nyaya mbili tu kutoka kwa kidhibiti: mmoja wa hatua, mmoja wa mwelekeo.

Je, kuna sababu gani tena ya kujitengenezea? Ipo, ila imehama mahali. Hakuna anayeweza kulinganisha kazi yake ya mezani na kilichomo ndani ya kipande cha silikoni cha milimita 5 kwa 5. Na kipande hicho hakikaribishi mkono: A4988 haina miguu, ina vidoa pembeni na bamba la kupozea chini ya tumbo, ambalo lazima lishikane na shaba ya bodi. Solda ya kawaida haifiki pale; inahitaji hewa moto na solda ya urojo. Fundi anayetaka kufanya kila kitu mwenyewe atafute chipu zenye miguu. A3967, ambayo Brian Schmalz aliitumia kwenye EasyDriver, ina miguu inayoonekana na inatoa miliampea 750. L6208 ya ST inapatikana kwa umbo la miguu ya kuchomeka, inafika volti 52, na ina kikata-mkondo na dayodi ndani. Kwa maoni yangu ndiyo mrithi halali wa jozi ya L297 na L298, ingawa haizungumzwi inavyostahili. Kwa mota kubwa za milimita 57, TB6600HG ya Toshiba ina miguu 25 iliyopangwa kwa mistari miwili na mgongo wa chuma wa kufunga kwenye bamba la alumini. Ndugu yake mdogo, TB6560, anataka umeme wa volti 5 utangulie kabla ya volti za mota. Bodi nyingi za bei rahisi hazikuliheshimu agizo hilo, na nyingi zimekufa kwa sababu hiyo.

Wapo pia wanaojenga madaraja yao kwa MOSFET nane na viendeshi kama IR2104. Elimu yake ni kubwa, na kwa mota za ampea 6 au 8 ni njia yenye mantiki. Lakini kosa moja la kuwasha swichi ya juu na ya chini kwa pamoja linageuza umeme wako wote kuwa cheche papo hapo, na bodi ya kwanza karibu daima ina kosa moja. Iwe bodi ya tatu.

Kwa hiyo anayejenga leo anajenga kinachoizunguka chipu: umeme, graundi, ulinzi, viungio. Ndiyo kazi isiyosifiwa na ndiyo inayoamua kama mashine itafanya kazi. Chukua mfano wa rezista ya kupimia. Kwenye A4988 yenye rezista ya omu 0.1, ukitaka kikomo cha ampea 1.2, chipu itakata pale rezista itakapoonyesha volti 0.12. Sasa mchoraji ameiunganisha rezista hiyo na graundi kwa njia ya shaba yenye upana wa nusu milimita na urefu wa sentimita 5. Shaba ya kawaida ya bodi ina unene wa mikromita 35, na kijinjia hicho kina ukinzani wa takriban omu 0.05, nusu ya rezista yenyewe. Chipu haijui. Inaona omu 0.15 badala ya 0.1, inakata kwenye ampea 0.8, na mota inakuwa dhaifu kwa theluthi bila mtu kujua sababu. Mbaya zaidi, koili zote mbili zikigawana kijinjia hicho, mkondo wa moja unaharibu kipimo cha nyingine, na shafti inatetemeka kwa namna ambayo watu hulaumu programu kwa wiki nzima.

Dawa yake haigharimu senti. Rezista za kupimia zikae karibu kabisa na chipu, kila moja na njia yake fupi na pana kwenda sehemu moja ya graundi, ambako graundi ya kidhibiti nayo inakutana, na hapo tu. Njia za mota ziwe na upana wa milimita 2 au zaidi kwa ampea 2. Kwa bodi ya nyumbani unaweza kuzimwagia solda juu au kuzilazia waya wa shaba. Upande wa chini ukiweza kuuacha shaba tupu ya graundi, uache. Ndiyo bamba la kupozea la bure.

Kapasita nazo zina hadithi yake. Waya kutoka kwenye pawasaplai una indaktansi yake, na ukichomeka umeme kwenye bodi yenye kapasita ndogo za kauri peke yake, volti zinaruka juu kwa muda mfupi sana na zinaweza kufika karibu mara mbili ya ulichokusudia. Volti 24 zinavuka 35 kabla hujapepesa jicho, na A4988 inakufa bila moshi wala kelele. Kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 100, iliyowekwa sentimita moja au mbili kutoka kwenye chipu, inaumeza mruko huo. Nimeona michoro mizuri sana ambamo kapasita hiyo ipo, lakini imewekwa ukingoni karibu na kiungio kwa sababu hapo ndipo palikuwa na nafasi. Kwenye karatasi ni saketi ileile, mezani si ileile.

Kuichonga bodi yenyewe si siri tena. KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras mwaka 1992 na baadaye kuungwa mkono na CERN, inatosha kabisa. Mchoro unachapwa kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kung'aa, unahamishwa kwenye shaba kwa pasi ya nguo, na shaba isiyofunikwa inaliwa na maji ya feriki kloraidi. Njia hii inaweza mistari ya nusu milimita bila shida, ambayo ni tosha kwa chipu zenye miguu na haitoshi kwa zisizo na miguu. Viwanda vya China vinatengeneza bodi tano ndogo kwa dola chache, na usafiri mara nyingi huzidi bei ya bodi. Anayejenga moja achonge nyumbani. Anayejenga za darasa zima aagize.

Bodi ikisimama, kinachofuata ni kuweka kikomo, na hapa takwimu zinawachanganya watu kuliko sehemu nyingine yoyote. Kwa A4988, mkondo ni volti za rejea, zile unazozirekebisha kuweka kikomo, ukigawanya kwa mara nane ya rezista ya kupimia. Ampea 1.2 na omu 0.1 zinataka volti 0.96. Lakini vibodi vya sokoni huja na rezista za 0.1, 0.068 au 0.05, na vinafanana kwa umbo. Anayenakili 0.96 kutoka kwa rafiki na kuiweka kwenye kibodi cha 0.05 ameagiza ampea 2.4. Soma herufi ndogo mgongoni mwa rezista: R100 ni omu 0.1, R050 ni nusu yake. DRV8825 hugawanya kwa mara tano badala ya nane, kwa hiyo hesabu ya moja haihamii kwa nyingine.

Mtego mwingine ni ampea inayosomwa kwenye pawasaplai. Fundi anaweka kikomo cha ampea 1.5, anatazama pawasaplai, inasema 0.4, anapandisha zaidi. Asifanye hivyo. Kikata-mkondo kinabadilisha volti nyingi zenye ampea chache kuwa volti chache zenye ampea nyingi. Mkondo wa koili na mkondo wa pawasaplai si kitu kimoja. Na hata akiweka mita kwenye koili yenyewe, hatua nzima kwenye A4988 hupewa asilimia 70 tu ya kikomo, kwa hiyo atasoma 1.05 mahali anapotarajia 1.5 na kudhani kuna hitilafu.

Kuhusu volti zenyewe, Mariss Freimanis, mwanzilishi wa Geckodrive ya California, aliwaachia wajenzi kanuni fupi: zidisha 32 kwa kipeuo cha pili cha indaktansi kwa milihenri. Mota yetu ya milihenri 2.8 inatoa volti 53 hivi. Hicho ni kilele. Juu yake mota inapata joto bila kupata kasi. A4988 haifiki huko, na kwa printa ya 3D haihitajiki. Chaja ya kompyuta mpakato ya volti 19.5, ambayo kila mji una rundo lake, ni mahali pazuri pa kuanzia: imetulia, ina ulinzi wake wa ndani, na iko chini ya kikomo cha karibu kila chipu iliyotajwa hapa.

Upande wa akili nitaupita haraka zaidi, kwa sababu umeshatatuliwa. Zamani mipigo ya kuamuru hatua ilitoka kwenye pini za sambamba za kompyuta ya mezani, ikiendeshwa na programu kama LinuxCNC, ambayo mizizi yake iko kwenye taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, au Mach3. Pini hizo zikatoweka kwenye kompyuta mpya, na mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud akaanzisha grbl, programu inayokaa ndani ya Arduino Uno na kutoa mipigo hadi takriban elfu 30 kwa sekunde. Ndani yake kuna kanuni ya mstari ya Jack Bresenham, aliyoibuni IBM mwaka 1962 kwa ajili ya mashine ya kuchora kwa kalamu. Kanuni hiyo inaamua, kwa kujumlisha na kutoa tu, mhimili upi upige hatua sasa na upi usubiri. Watu huikumbuka kama kanuni ya skrini za kompyuta, lakini ilizaliwa kwa ajili ya mashine za hatua.

Kuongeza kasi taratibu nako ni lazima; stepa iliyosimama ikiamriwa kuruka hadi mizunguko 10 kwa sekunde itanguruma papo hapo ilipo. David Austin alionyesha mwaka 2005 namna ya kuukokotoa muda wa kila hatua kutoka ule uliotangulia kwa mgawanyo mmoja, bila kipeuo cha pili, na maktaba maarufu ya AccelStepper imejengwa juu ya kazi hiyo. Bodi yenyewe inahusika kwenye jambo moja: kitenganishi cha mwanga. Anayetaka kuilinda kompyuta yake huweka PC817 kwa sababu ni rahisi kupatikana. Hiyo ni ya polepole, na ikiwa na rezista kubwa inaweza kuumeza mpigo mfupi mzima. Hatua zinapotea, kipande kinachongwa vibaya, na mota inalaumiwa. 6N137 ndiyo ya kazi hii.

Na vijihatua? Matangazo ya vidhibiti hushindana kwa namba: 16, 32, 256. Vinalainisha mwendo na kupunguza kelele, hilo ni kweli na linatosha kuvitaka. Lakini kwenye mgawanyo wa 16, nguvu inayoisukuma shafti kutoka kijihatua kimoja hadi kingine ni chini ya asilimia 10 ya nguvu ya kushikilia. Msuguano mdogo wa reli unaimeza yote, na shafti haisogei mpaka vijihatua kadhaa vijikusanye. Anayenunua 256 akitarajia usahihi mara 256 atapata mashine kimya yenye usahihi uleule. Tena kila mgawanyo unaila bajeti ya mipigo: kwa vijihatua 16, mizunguko 10 kwa sekunde inataka mipigo 32,000, na Arduino Uno imeshavuka uwezo wake.

Inabaki siku ya kuwasha. Usianze na mota. Weka taa ya breki ya lori, volti 24 na wati 21, mfululizo na waya wa chanya. Kama kuna mahali pameshikana, taa itawaka na mkondo hautazidi ampea 0.9, na bodi itapona ili utafute kosa. Taa ikikaa giza, pima volti 5 za kidhibiti, pima volti za rejea, zirekebishe zianzie chini. Ondoa taa, zima kila kitu, subiri kapasita zitoke umeme, ndipo ufunge mota. Kisha waya wa mota usichomolewe tena umeme ukiwa umewaka, hata kwa sekunde moja ya kutaka kuona kama ndio wenyewe: koili yenye mkondo haikubali kukatwa ghafla, na volti inazozirusha wakati huo zinapita kwenye njia iliyobaki, yaani ndani ya chipu.